Chama bila kikao kilitufichia mgonjwa wetu

Kwa Mhariri,

Juzi ukurasa huu ulichapisha barua ya msomaji wa Kisumu aliyeshauri vyama vya akina mama viachane na vikao vya Jumapili. Hoja yake ni kwamba kila kitu sasa kiko kwenye simu: mchango unatumwa kwa M-Pesa, matangazo yanawekwa kwenye WhatsApp, hesabu haipotei, na mama anabaki na Jumapili yake apumzike. Niliisoma nikiwa kwenye cherehani, nikaisoma tena usiku. Mimi ni mshonaji wa sare za shule hapa Kaptembwa, Nakuru, na tangu 2012 ndimi mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na sita. Hayo anayoyapendekeza ndugu yetu sisi tuliyafanya kwa karibu miaka minne. Naomba nafasi nieleze yaliyotupata.

Kwanza ajue chama chetu hakikuanzishwa kwa ajili ya pesa. Ploti tuliyokuwa tukiishi ilikuwa na vyumba ishirini na viwili vya mabati, futi kumi kwa kumi, na mfereji mmoja wa maji. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007 tulikuwa majirani kama majirani wengine. Mtoto wa huyu akila kwa yule, hakuna anayeuliza. Mwishoni mwa Januari 2008 ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi huo zilipofika Nakuru tukatawanyika. Kuna waliokimbilia uwanja wa maonyesho, yaani Showground, kuna waliokimbilia uwanja wa michezo wa Afraha, kuna waliopanda malori wakarudi kwao Nyanza na Magharibi. Mimi nililala Showground wiki tano na watoto wawili. Mkataba wa amani ulipotiwa saini Februari 28 tulianza kurudi mmoja mmoja, lakini ploti haikuwa ile tuliyoiacha. Pale mferejini mitungi ilipangwa foleni mbili, na hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Kila mtu alijua mtungi wake unasimama upande upi. Ukishateka unabeba, unaondoka, unafunga mlango.

Aliyetutoa humo alikuwa mke wa keateka wetu, yule mtunza ploti, mwanamke wa makamo aliyezaliwa Mumias, mwenye Kiswahili cha kutamanisha. Sote, hata Wakikuyu na Wakisii, tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya. Mapema 2009 alitugongea mlango baada ya mlango, akasema kila Jumapili saa tisa kila mwanamke apeleke shilingi mia moja chumbani mwa mwenye zamu. Tulipatikana kumi na wawili. Hizo zilikuwa 1,200, za kununua godoro, au sufuria badala ya zilizoibwa. Tukamwomba basi azikusanye yeye, awe anapita kuzigawa. Akakataa katakata. "Pesa haipokelewi mlangoni," alituambia. "Vua viatu, ingia, keti, unywe chai."

Chai hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Nasema mambo kama yalivyokuwa: siku zile wengi wetu tuliogopa kunywa chai ya mtu wa kabila jingine. Kukhu alilijua hilo, akaweka sharti. Kaunta buku letu la kwanza ninalo mpaka leo, jalada jeusi, mgongo mwekundu, kurasa za mwanzo zimeingia mafuta ya mandazi. Kanuni ya tatu imeandikwa hivi: "Pesa ataleta mwenyewe kwa mkono. Atavua viatu, ataketi, atakunywa chai. Mwenye nyumba ataonja kwanza."

Kikao cha tatu kilikuwa kwa mwanamke ambaye niliamini watu wa kwao ndio waliochoma cherehani yangu. Hapa nitamwita Mama Mapacha, kama tunavyomwita sote. Nilivua viatu nikaingia nikiwa nimekunja uso. Akajimiminia chai, akanywa, na mkono uliokuwa umeshika kikombe ukawa unatetemeka hadi chai ikamwagikia leso yake. Niliangalia chini nisimwone. Ndipo macho yangu yakaangukia godoro alilokuwa amelilaza ukutani. Nusu yake ilikuwa imeungua. Alikuwa amelikata ile sehemu ya moto na kuishonea gunia la viazi kwa uzi wa manila, mishono mirefu iliyokuwa ikifumuka. Mimi ni fundi, siwezi kuona mshono wa namna ile nikanyamaza. Nilimwuliza nani alimshonea. Akasema, "Ni mimi, nilikuwa sijui kushona." Mapacha wake walikuwa wakilala hapo. Jioni hiyo nililibeba godoro kichwani hadi chumbani kwangu, nikalishona upya kwa sindano ya mkono, kwa sababu cherehani sikuwa nayo tena. Hatukuzungumza kuhusu Januari siku hiyo. Tulizungumza baadaye, miaka baadaye, na si mara moja.

Sasa nimwulize ndugu yangu wa Kisumu: lile godoro ningelionea wapi kwenye simu?

Sisemi simu ni mbaya. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipigania. Mwaka 2016 mwenzetu mmoja alipokea raundi yake, 4,800, asubuhi yake akaenda Soko la Wakulima kununua bidhaa. Vijana walimngojea kwenye kichochoro. Ploti nzima ilijua zamu ni ya nani, kwa hivyo hata wezi walijua. Baada ya hapo tulikubaliana mchango utumwe kwa M-Pesa na kikao kiendelee. Mpango huo ulitufaa sana. Mtu alifika akiwa ameshatuma, tunakunywa chai bila kuhesabu noti magotini.

Kilichovunja kikao ni corona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 13, 2020, na siku chache baadaye ada ya kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 ikaondolewa hadi mwisho wa mwaka. Mchango wetu ulikuwa 500, na 50 za dharura. Tukaona Mungu ametufungulia njia. Kisha Machi 2021 Nakuru ikawa miongoni mwa kaunti tano zilizofungwa, na hakuna aliyethubutu kutaja kikao. Hayo yote yalikuwa lazima, siyalaumu. Ninachokilaumu ni cha baadaye. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Tangu siku hiyo hakuna aliyetuzuia kurudi kuketi, na hatukurudi.

Tulikuwa na sababu zetu. Ploti ile ya mabati ilivunjwa kukajengwa ghorofa, tukahamia huku na kule: Lanet, Free Area, Mwariki, wengine Kwa Rhonda ng'ambo tu ya barabara. Mmoja alikwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Nauli ilikuwa imepanda. Lakini sababu kubwa, na naisema kwa uchungu, ni kwamba tulikuwa tumezoea. Jumapili nilikuwa nashona. Meseji za M-Pesa zinaingia moja moja, nami nachapa kwenye kundi: "Imepokelewa, asante." Saa kumi nimemaliza, raundi nimeituma kwa mwenyewe, na sijavuka kizingiti cha mtu yeyote.

Kundi lenyewe lilijaa. Picha za maua za kutakiana asubuhi njema, video za wahubiri, mwaka 2022 siasa nazo zikaingia. Ukisikia simu ikilia mara arobaini kwa siku utadhani watu hawa wanajuana sana. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake huko Busia. Zamani tungekodisha matatu, twende na sufuria zetu, tulale matanga, tumpikie wageni. Safari hiyo tulimtumia 12,000, nyingi kuliko tulizowahi kuchanga. Alishukuru vizuri. Tulipoonana baada ya miezi aliniambia kwamba usiku ule wa mwisho kabla ya mazishi alikuwa na wageni mia na hakuwa na hata mmoja wa kumwambia, "Hebu nenda ulale kidogo, mimi nitaangalia moto."

Hilo lingetosha kutuamsha. Halikutosha.

Mwaka 2023 alikuwapo mwenzetu tunayemwita Mama Omena, kwa kuwa ndiyo biashara yake, omena na samaki wakavu, pembeni ya barabara Kwa Rhonda. Anaishi peke yake. Mwanawe yuko Nairobi kwenye kazi ya mjengo. Kwa kutuma mchango hakuna aliyemshinda: kila Jumapili kabla ya saa nane, 550, haipungui wala haichelewi. Mwezi wa nane mwaka huo nilikuwa napeleka sare kwa mteja nikapita pale anapouzia. Meza ilikuwa imepinduliwa, miguu juu, na buibui alikuwa amefuma kati ya miguu miwili. Nilimwuliza kijana wa kioski jirani kama amehama. "Hajahama, mama. Ni kutembea ndiyo hawezi."

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Harufu ilinifikia kabla sijamwona. Alikuwa amekaa kitandani, mguu wa kushoto juu ya ndoo iliyofunikwa na umefungwa kanga, na kanga imelowa. Kando yake palikuwa na stuli, na juu ya stuli simu yake, ile ndogo yenye kioo kilichopasuka, kifuniko chake kimeshikiliwa kwa mpira. Ukutani kalenda, na kila Jumapili imezungushiwa duara kwa kalamu. Duara saba mfululizo zilikuwa zimetiwa alama ya tiki. Ndizo Jumapili alizotuma pesa akiwa hapo kitandani. Nilizijumlisha baadaye nyumbani: 3,850. Mwanawe alikuwa akimtumia hela za dawa, naye anatoa yetu kwanza, kwa kuogopa faini ya kuchelewa. Faini yenyewe ni shilingi hamsini.

Ilikuwa ni sukari. Sandaksi mpya, vile viatu vya plastiki, zilimchuna kidole, naye hakuhisi, kwa sababu sukari ikikaa mwilini muda mrefu huua hisia za nyayo. Mtu hukanyaga msumari akaendelea na safari. Alipoona damu kwenye sakafu ndipo alipojua ana kidonda, na kidonda kilikuwa kimeshaingia ndani.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniangalia kwa muda. "Nilisema," akajibu. "Niliandika kwenye kundi."

Nilitoa simu yangu nikatafuta. Nilirudi nyuma, nikapita maua, nikapita mhubiri, nikapita bei ya sukuma wiki. Ilikuwako, siku ya Jumanne, saa mbili usiku: "Mguu unanisumbua jamani, tuombeane." Chini yake kulikuwa na picha tatu za mikono iliyofumbatwa, zile za kuomba. Baada ya hapo mtu alikuwa ametuma tangazo la mitumba. Ile mikono ya pili ilikuwa yangu. Sikumbuki kuituma. Huenda nilikuwa na uzi mdomoni.

Jioni ile tulimpeleka hospitalini kwa tuktuk. Vidole viwili vilikatwa. Daktari alisema angeletwa mapema kidogo, kidonda hicho kingeoshwa na kufungwa, na mtu angerudi nyumbani na vidole vyake vyote. Zile siku za wodini tulipokezana zamu, na ndiyo mara yangu ya kwanza kwa miaka mitatu kukaa ubavuni mwa Mama Mapacha. Nilishtuka kuona amejaa mvi. Kwenye kundi picha yake ni ile ya zamani.

Usiku mmoja tukiwa kwenye benchi la wodi, yeye ndiye aliyesema neno ambalo limenifanya nikuandikie, Mhariri. Alisema, "Kwa Kukhu tungemwona huyu. Tungeuona mguu mlangoni." Ni kweli tupu. Kila Jumapili tulivua viatu, tukaketi mkekani tumenyoosha miguu. Nilikuwa najua miguu ya wanawake kumi na watano kama ninavyojua vipimo vya wateja wangu: nani kisigino kimepasuka, nani amevimba kifundo, nani amepaka hina, nani ana mimba kabla hajasema. Hakuna aliyekuwa akichunguza. Ilikuwa mbele ya macho tu. Sukari ya Mama Omena tulikuwa tunaijua tangu 2014, na tulikuwa tunamkemea akitia vijiko vitatu kwenye chai. Ni nani angemkemea kwenye kundi?

Tulirudi kuketi Januari 2024. Haikuwa rahisi, na nisingependa mtu adhani tuliimba tukashikana mikono. Wanne walipinga kwa nguvu, mmoja akatoka kabisa. Walisema hoja zile zile za msomaji wako: muda, nauli, uchovu wa wiki. Ni hoja za kweli. Mtu anayesimama na mboga kuanzia alfajiri siku sita ana haki ya kutaka kulala siku ya saba. Tulichofanya ni kupunguza kikao kutoka kila wiki hadi Jumapili mbili kwa mwezi, na nauli ya wanaotoka mbali inatoka kwenye sanduku la dharura. Pesa inaendelea kutumwa kwa simu. Faini ya kuchelewesha mchango tumeifuta. Sasa anayelipa faini ni asiyefika bila kutoa habari, shilingi mia, na asipofika mara mbili hatumwandikii. Wawili wetu tunakwenda kwake.

Mwenzetu wa Saudi Arabia tunampigia kwa video, na bahati nzuri saa zao na zetu ni zile zile. Kwake yeye simu ndiyo mlango wenyewe, na sitakubali mtu aidharau. Mara ya kwanza tulimsalimia tukataka kukata. Akatuomba tusikate. Alisema simu tuiegemeze kwenye thermosi, tuendelee na mazungumzo yetu, yeye atakuwa anapiga pasi huku anasikiliza. Basi ndivyo tunavyofanya. Dakika ishirini nzima huenda asiseme neno, tunasikia pasi tu.

Tatizo kubwa lililobaki ni pahali, na hapa naomba wenye mamlaka wanisikilize. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, na ghorofa zinaota kila uchao. Katika ploti za mabati ungekosaje kumjua jirani na mfereji ni mmoja? Kwenye ghorofa kila mtu ana bomba lake jikoni, na langoni kumebandikwa karatasi: mikutano hairuhusiwi. Wenzetu watatu hawawezi kutukaribisha kwa sababu hiyo, na mwenye nyumba wa mmoja wao alitutoa nje tukiwa na vikombe mkononi, eti tunamaliza maji ya choo. Kukodi ukumbi ni gharama ambayo chama cha mia tano hakiwezi. Lakini madarasa ya shule za msingi za umma yanakaa matupu Jumapili alasiri. Kumbi za jamii nyingi hungojea harusi na mikutano ya siasa. Kaunti ingetufungulia milango hiyo kwa saa mbili, bila malipo, kwa kikundi chochote chenye cheti cha usajili, na sisi tutafagia kabla na baada. Wenye nyumba nao tunawaomba watofautishe wanawake wanaokunywa chai na watu wanaovuruga usalama. Hapa Kaptembwa tunajua usalama ulivurugika tulipokuwa hatuingii kwa mtu.

Nilimsomea Mama Omena barua hii kabla sijaituma, kwa kuwa nimeutaja mguu wake. Akaniambia niandike, ila niongeze kwamba biashara amerudia, na kwamba anauza akiwa ameketi.

Jumapili hii zamu ni ya Mama Mapacha, huku Kaptembwa, ghorofa ya chini. Mama Omena atakuja na boda, tumeshamlipia. Atapewa kile kiti chenye mikono karibu na mlango, lakini alikataa kuvuliwa kiatu kile cha kushoto. Atakivua mwenyewe, alisema, kama sisi sote, na soksi pia.

Mama Cherehani,
Kaptembwa, Nakuru.